Alama za Uongo za Peishan

Kila jioni baada ya shule, Peishan alikwenda kwenye uwanja wa hekalu la Mazu, mungu wa kike wa bahari, katika mji wa pwani wa Budai kujifunza ngoma ya simba. Wenzake waliruka ndani ya vazi la simba. Yeye, mwezi wa pili sasa, alikuwa mkekani: viwiko na vidole vya miguu chini, tumbo limekazwa, mwili umenyooka kama ubao. Kisha alilala chali, akainua nyonga. Mazoezi hayohayo alitakiwa kuyafanya nyumbani asubuhi na kutia alama kwenye karatasi.

"Mwalimu Gao, kile kichwa kizito cha simba nitavaa lini?"

"Tumbo na mgongo vikiwa imara, shingo itakuwa salama. Endelea."

Junhao, mwenzake wa darasa la sita, alicheka. "We endelea kulala tu! Zamani wasichana hawakuruhusiwa hata kukigusa. Muulize bibi yako."

Maneno hayo yalimchoma. Kesho yake alimkuta Bibi mlangoni pa hekalu akinong'ona na Mwalimu, akimkabidhi kikapu cha chaza. Walipomwona, wakanyamaza.

"Kumbe!" aliwaza Peishan. "Bibi anamhonga ili ninyimwe kichwa kwa kuwa mimi ni msichana."

Tangu siku hiyo alimtazama Bibi kwa jicho la pembeni. Hata chaza za chakula cha jioni alizisukuma pembeni mwa sahani. Mazoezi ya asubuhi, Bibi akiwa ameshakwenda kazini, akayaacha kabisa, ila alama alitia zote. Kwa nini ahangaike, na mambo yalishapangwa?

Wiki tatu kabla ya maandamano ya sikukuu ya Mazu, Mwalimu aliitazama karatasi iliyojaa. "Vizuri. Leo vaa kichwa."

Peishan hakuamini masikio yake. Alikinyanyua, akakitikisa kushoto na kulia, akaruka. Kwenye mruko wa nne shingo ilikaza ghafla na maumivu yakashuka mgongoni. Akaketi chini akilia.

Mwalimu alimvua kichwa taratibu. "Peishan, alama hizi ni za kweli?"

Peishan alijifuta machozi. "Hapana, Mwalimu."

Bibi aliitwa, akafika mbio, na glavu zake za kufungulia chaza bado mikononi. Peishan akafoka, "Si ndicho ulichotaka, Bibi? Ulimpa chaza ili aninyime kichwa!"

"Mimi?" Bibi alishika kiuno. "Mtoto huyu! Miaka arobaini nimeinama nikifungua chaza, mgongo umekwisha. Mwalimu ananifundisha mazoezi, nami namshukuru kwa nilicho nacho. Niliona aibu, nikaogopa usije ukanicheka."

Akavua glavu, akashuka mkekani, akajinyoosha kama ubao. Junhao alihesabu kwa sauti mpaka thelathini. Bibi hakutetereka. Peishan alitamani ardhi immeze.

Daktari alimwambia apumzike. Siku ya maandamano Junhao alivaa kichwa, Peishan akapiga matoazi. Alipopona, yeye na Bibi walifanya mazoezi pamoja kila asubuhi kabla Bibi hajaenda kazini, na baada ya miezi mitatu Peishan akavaa kichwa cha simba na kucheza ngoma nzima bila maumivu.

Siku hiyo Mwalimu Gao aliwaketisha wote. "Mimi niliicheza ngoma hii miaka mingi bila kuimarisha tumbo, na leo siwezi kuinua ndoo ya maji. Ndiyo maana nawachelewesha. Peishan, karatasi yako ilinidanganya mimi. Mgongo wako haukudanganyika."

Bibi naye akamvuta karibu. "Na ukinishuku tena, mjukuu wangu, njoo uniulize. Tunalala chumba kimoja."