Kompyuta ya Bi Mkubwa

Kila Jumamosi asubuhi baba hugonga ndoo kwa kijiko mara tatu, nami hujua zamu yangu imefika ya kumwogesha Bi Mkubwa.

Bi Mkubwa ni gari letu. Lina viti vinane, mlango wa pembeni wa kuburuta, na rangi ambayo zamani ilikuwa nyeupe. Babu alilinunua kabla sijazaliwa, na alipofariki likabaki kwa baba. Limebeba magodoro, wagonjwa, mbuzi wa jirani na timu nzima ya mpira wa pete. Mlango wake haufungi mpaka ubembelezwe.

Mimi naitwa Kasuku. Jina la shuleni ninalo, lakini halina kazi sana. Nikisikia jambo mara moja nalirudia neno kwa neno, kisha naongezea na ya kwangu. Mwalimu aliwahi kunihamisha dawati mara nne kwa muhula mmoja, na kila nilikopelekwa hata wale wapole walianza kuongea.

Jumamosi moja, ilikuwa imebaki wiki moja tu kabla ya harusi ya shangazi, mdogo wa mwisho wa baba. Watu walimshauri akodi gari jipya linalong'aa. Akakataa katakata.

"Baba yangu alinipeleka shule kwa Bi Mkubwa, na chuo akanipeleka kwa Bi Mkubwa," alisema. "Leo hayupo wa kunisindikiza, basi gari lake litanisindikiza. Lisipokwenda, nitatembea kwa miguu na shela langu, mtaa mzima mnione!"

Na shangazi akisema, amesema.

Sheria ya baba kuhusu kuosha gari ni moja: nje maji, ndani kitambaa. Tena kitambaa kikamuliwe mpaka kiishe maji yote. Lakini siku hiyo saa nne tulikuwa na mazoezi ya kucheza sisi wasimamizi wa bibi harusi, nami nilikuwa nimechelewa kuamka. Nani akakamue kitambaa? Nikachukua ndoo mbili za maji ya sabuni yenye harufu ya waridi, nikazimwaga ndani, pwaa! Nikasukuma kwa ufagio, povu likatokea mlangoni, kazi kwisha. Niliacha milango wazi juani, na jioni zulia lilikuwa kavu ukiligusa.

Baba alichungulia akavuta pumzi. "Eh! Leo umejituma, mwanangu. Linanukia kama bustani."

Nilizitafuna sifa hizo kama karanga, nikanyamaza.

Jumatatu, njiani kwenda shule, Bi Mkubwa alianza kukohoa. Taa ya injini ikawaka. Akashtuka mara mbili, akazima mbele ya geti la shule, na wanafunzi wote wakapata burudani ya kutusukuma. Likavutwa kwa kamba hadi nyumbani, na baba akamwita Fundi Miwani.

Fundi Miwani ndiye anayetengeneza magari ya mtaa wetu. Ana miwani mbili: moja ya kuonea mbali, nyingine ya kuonea karibu, na ile asiyoitumia hukaa kwenye paji la uso. Alifungua betri kwanza, kisha akabandua plastiki iliyo karibu na miguu ya abiria wa mbele, akatoa kisanduku cha chuma chenye ukubwa wa daftari.

"Hii ndiyo kompyuta ya injini," alisema. "Hii ndiyo inayoiambia injini ichome mafuta kiasi gani na saa ngapi. Bila hii, injini ni chuma tu." Akafungua skrubu nne. Ndani kulikuwa na kutu ya kijani. "Imekunywa maji, na imekwisha. Tutafute nyingine. Lakini maji yametoka wapi?"

Baba akanigeukia. "Kasuku, ndani uliosha kwa kitambaa, sivyo?"

"Ndiyo, baba."

Maneno mawili tu. Yalitoka haraka, na baada ya hapo sikuweza kuyarudisha.

Baba akakuna kidevu. "Basi ni kioo cha mbele. Fundi, si wewe uliyekiweka mwezi uliopita? Kitakuwa kinavuja."

Fundi Miwani alikitazama kile kioo. "Miaka ishirini naweka vioo, mzee, na hakuna hata kimoja kilichovuja. Lakini kama hiki kimevuja, kosa ni langu. Nitakitoa nikiweke upya, na kompyuta nyingine nitaitafuta mimi mwenyewe."

Jumanne nilipotoka shule nilimkuta amemwaga ndoo nne za maji juu ya kioo, anatafuta pa kuvuja. Hakuona tone. Hata hivyo alikitoa kioo, akakwangua gundi yote, akaanza upya. Seremala wa jirani akapita na mbao zake. "Fundi, siku hizi vioo vinakushinda?" Mshona viatu naye akadakia, "Uzee huo! Ongeza miwani ya tatu!" Fundi Miwani alicheka nao, lakini kicheko chake kilikuwa kifupi. Mimi nilipita nikitazama vidole vya miguu yangu. Nilijua kioo hakikuwa na kosa lolote.

Jumatano baba na fundi walizunguka maduka ya spea. La kwanza, hakuna. La pili, muuzaji aliuliza mwaka wa gari, akaangua kicheko. "Hilo si lipelekwe makumbusho?" La tatu walisema wanaweza kuagiza, lakini itachukua mwezi mzima. Shangazi aliposikia, akaingia chumbani, akatoka amevaa raba.

"Nafanya mazoezi ya kutembea," alisema. Tulicheka, ila macho yake yalikuwa mekundu.

"Kasuku, mbona kimya?" aliniuliza. "Unaumwa?"

"Nimechoka tu, shangazi."

Alhamisi Fundi Miwani akapata habari za mama mmoja, Bi Makabati, anayeuza vipuri vilivyotolewa kwenye magari mabovu. Duka lake lilikuwa ng'ambo ya pili ya mji. Kabla ya kuondoka, fundi alifanya anavyofanya siku zote: alisoma namba ya ile kompyuta iliyokufa kwa sauti mara tatu, akaiandika kwenye kiganja kwa kalamu. "Karatasi hupotea," anasema. "Mkono ninao daima." Kisha tukaondoka, yeye, baba na mimi niliyekuwa nimetoka shule, jua likiwa bado kali.

Duka la Bi Makabati lilijaa makabati ya chuma ukutani kote, kila moja na kibandiko chake, na funguo zake zote zilining'inia kiunoni mwa mwenyewe. Akitembea, unamsikia kabla hujamwona.

"Shikamoo, mama," nilimwamkia.

"Marahaba, binti. Haya, namba yenu?"

Fundi Miwani akafungua kiganja. Lo! Jasho lilikuwa limefuta kila kitu. Akateremsha miwani ya karibu, akapandisha ya mbali, akageuza mkono huku na huku. Palibaki doa la bluu.

"Ile ya zamani iko wapi?" baba akauliza.

"Nimeiacha gereji."

"Na mimi nafunga sasa hivi," Bi Makabati akasema, funguo zikilia.

Ndipo mdomo wangu ukakumbuka kazi yake. "Tano sita sifuri, nane nane moja, D kama dada!" nikasema. Wote wakanigeukia. "Fundi ameisoma mara tatu. Mimi mara moja ingenitosha."

Bi Makabati akafungua kabati moja, akanipa kisanduku. Nikasoma kibandiko chake. "Tano sita sifuri, nane nane moja, B kama baba. Siyo hii."

"Herufi moja tu hiyo, mtoto!"

"Herufi moja inatosha kutukwamisha, dada yangu," fundi alisema. "Yenye B ni ya gia za mkono. Letu ni otomatiki."

Bi Makabati akaguna, akapanda ngazi, akafungua kabati la juu kabisa. Akapekua, akapiga chafya, akapekua tena. Mwishowe akashuka na kitu kilichoviringishwa kwenye sweta la mtoto mchanga. Tano sita sifuri, nane nane moja, D!

Nilipiga kelele mpaka mpita njia akachungulia. Fundi Miwani alinibeba akanizungusha mzimamzima.

"Ni ya mwisho hii," Bi Makabati akaonya. "Mkiiunguza, msirudi kwangu. Nendeni mkanunue punda."

Njiani baba alinishika bega. "Najivunia sana, mwanangu. Una akili, tena mkweli."

Afadhali angenipiga kofi.

Ijumaa alasiri fundi akaja kuifunga. Shangazi alikuwepo, nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama, maana alikimbia kutoka saluni ashuhudie. Msusi wake naye alimfuata na kitana mkononi. Baba alisimama mbele ya boneti ameshika waya wa betri. Fundi Miwani akapiga magoti kwenye zulia la mbele, akachomeka kompyuta mahali pake.

"Tayari. Mzee, unganisha betri!"

Wakati huohuo nikaona kitu. Pale goti lake lilipokandamiza zulia, pembeni palichomoza povu. Povu dogo, jeupe. Likapasuka, likaja jingine. Zulia lilikauka juu tu. Chini yake sponji ilikuwa bado imejaa ndoo zangu mbili, na hukohuko chini ndiko zinakopita nyaya za kompyuta.

"Baba, usiunganishe!" nilipiga ukelele. "Kuna maji! Niliyamwaga mimi! Ndoo mbili, Jumamosi, za sabuni! Sikutumia kitambaa, nilidanganya! Kioo hakijavuja, fundi hana kosa, ni mimi!"

Nililia nikiwa bado naongea, kwa hiyo sijui waliambulia nini. Lakini baba aliondoa mkono kwenye betri. Fundi Miwani akainua zulia, akaiminya sponji. Maji yakachuruzika, na gari zima likanukia waridi. Akafuata nyaya kwa vidole mpaka kwenye soketi inayoingia kwenye kompyuta, akaichomoa. Nayo ilikuwa na maji.

"Betri ingeunganishwa tu," alisema polepole, "na hii ya mwisho ingekwenda."

Kisha baba akafanya jambo ambalo sitalisahau. Alimwendea Fundi Miwani, akampa mikono yote miwili.

"Fundi, nilikulaumu bure mbele za watu. Nisamehe."

"Yameisha, mzee," fundi alisema. Lakini aliutazama ule upande wa seremala.

Baba akanigeukia. "Kasuku, mdomo unao. Uliutumia kunidanganya na ukamharibia mtu jina. Sasa utautumia kulirudisha. Nenda kwa kila aliyemcheka fundi, umweleze."

Nikaenda. Nilianza kwa seremala, nikaenda kwa mshona viatu, kisha kwa muuza mboga ambaye hakuwa amemcheka mtu, lakini nilikuwa nimeshika kasi. "Kioo cha Fundi Miwani hakijavuja! Ni mimi niliyemwaga maji!" Kwa seremala sauti ilinitetemeka. Kwa mshona viatu nilipata nguvu. Seremala aliweka randa chini, akaja mwenyewe kumwomba fundi radhi. Mshona viatu akaja nyuma yake.

Niliporudi, nilikuta kazi inaendelea. Sponji imeanikwa ukutani, fundi anasafisha soketi kwa spiriti na mswaki, msusi ameleta draya ya kukaushia nywele kutoka saluni, na shangazi, nywele zake bado nusu kwa nusu, anazipuliza nyaya hewa ya moto.

"Msiniache hivi, jamani," alisema. "Nyaya zimependeza kuliko mimi!"

Baada ya saa moja na zaidi, fundi aliigusa soketi kwa kidole, kisha kwa shavu. Kavu. Baba akaunganisha betri. Fundi akazungusha ufunguo. Bi Mkubwa akakohoa mara moja, akaunguruma, na akatulia akiimba ileile sauti yake ya siku zote. Taa ya injini ikazima. Shangazi alimkumbatia msusi, msusi akamkumbatia seremala, na baba akacheza mbele ya boneti, jambo ambalo si zuri kulitazama.

Fundi Miwani aliniita, akachuchumaa tukawa sawa kwa kimo.

"Sikiliza, mwanangu. Gari haliwezi kusema linaumwa wapi. Sisi mafundi tunategemea mwenye gari aseme. Kumwaga maji lilikuwa kosa, na kosa lina dawa. Lakini siku ulipoficha, nilitibu kioo kizima na ugonjwa nikauacha chini ya zulia. Wahenga walisema, mficha maradhi, kifo humuumbua. Ukikosea, sema mapema, kosa likiwa bado dogo."

"Nimeelewa, fundi. Nisamehe."

"Nimeshakusamehe. Namba yetu ile ni ngapi?"

"Tano sita sifuri, nane nane moja, D kama dada!"

Jumamosi baba aligonga ndoo mara tatu. Nje nikaosha kwa maji, ndani kwa kitambaa, nikakikamua mpaka mikono ikauma. Shangazi akapanda kiti cha mbele na shela lake, sisi wasimamizi katikati, na nyuma kabisa akakaa Fundi Miwani, mgeni rasmi, ndani ya suti ya kahawia. Mlango ukabembelezwa, ukafunga.

Hatujafika mbali, mvua ikashuka. Si manyunyu, ni mvua hasa, ikapiga kioo cha mbele mpaka tukawa hatusikilizani. Gari zima likanyamaza, hata mimi. Wote tulitazama kona za kile kioo, ya kushoto, ya kulia, chini na juu. Shangazi akapitisha kidole pembeni mwake, akakiinua tukione.

"Kikavu," alisema.

Baba alimtazama fundi kwenye kioo cha ndani. "Mkono wako haujawahi kuvuja, fundi," alisema kwa sauti, watu wote wasikie.

Fundi Miwani alivua miwani zote mbili, akazifuta kwa muda mrefu, ingawa ndani ya Bi Mkubwa hakukuwa kumeingia hata tone moja la maji.