Maji ya Agogo Fanesi

Mwaka 2023, katika majira ya mvua, kipindupindu kiliingia katika kijiji cha Chilambe, kando ya Ziwa Malawi.

Katika kijiji hicho aliishi Fanesi, ambaye wote walimwita agogo, yaani bibi. Umri wake ulikuwa umepita miaka sabini. Tangu ujana wake alikuwa mmoja wa akina mama wa kanisa wanaohudumia wagonjwa na wafiwa. Msiba ulipotokea, yeye alifika kabla ya mchungaji.

Alikuwa na beseni kubwa jeupe lenye ukingo wa buluu. Watu waliporudi kutoka makaburini, walinawa mikono ndani yake, mmoja baada ya mwingine. Kisha walikaa kula nsima, ugali wa huko. Walisema kwamba bila beseni la Fanesi msiba haujaisha.

Rafiki yake mkubwa alikuwa Melesiya. Zamani, binti wa Fanesi alikufa kwa ugonjwa uliowatisha watu. Majirani walisimama mbali. Melesiya peke yake alikunja mikono ya gauni lake, akamwosha marehemu kama mwanawe. Fanesi hakulisahau jambo hilo.

"Ukitangulia wewe," alimwambia Melesiya, "nitakuosha kwa mikono yangu."

"Sawa," alijibu Melesiya. "Lakini ukitumia maji baridi, nitaamka nikugombeze."

Mwaka ule wa kipindupindu, wa kwanza kufa alikuwa Mzee Zenasi, seremala wa kanisa. Aliharisha na kutapika siku moja tu. Watu walimwosha, wakamzika, wakanawa, wakala. Baada ya siku chache, wengi wao walianza kuharisha.

Ndipo Chikondi Mwale, mhudumu wa afya, alipofika kwa Fanesi. Fanesi ndiye aliyempokea siku alipozaliwa, kwa hiyo walitaniana kama bibi na mjukuu.

"Karibu, mume wangu," alisema Fanesi. "Leo umekumbuka kunioa?"

"Mahari bado natafuta, agogo."

Kisha Chikondi aliuliza jinsi watu walivyonawa msibani. Fanesi alimletea beseni lenye maji. Chikondi alichota majivu jikoni, akayapaka mikononi, akanawa. Maji yakawa ya kijivu.

"Sasa nawa wewe, agogo."

"Ninawe uchafu wako?"

"Siku ya Mzee Zenasi mlinawa hivyo hivyo. Majivu unayaona. Vijidudu vya kipindupindu huvioni."

Fanesi aliyamwaga maji yale nje. Kisha alisema, "Nimewatumikia watu hawa tangu mama yako akiwa msichana. Leo unaniambia kwamba nimewagawia kifo?"

"Beseni halikuuzaa ugonjwa, agogo. Lakini ugonjwa umepita humo."

Akaeleza kwamba ugonjwa huo hutoka katika kinyesi na matapishi ya mgonjwa, ukaingia katika maji, chakula na mikono. Maji ya kunywa yachemshwe, au yatiwe dawa ya kuua vijidudu. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka. Anayeharisha apewe mara moja maji yenye dawa ya chumvichumvi, apelekwe kituo cha afya bila kungoja. Fanesi alisikia yote. Hata hivyo, hakumkaribisha Chikondi chakula, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa mgeni yeyote.

Siku mbili baadaye, alfajiri, habari zilimfikia kwamba Melesiya amefariki. Aliugua kimya kimya tangu jana yake. Binti yake, Tiyamike, alikuwa amemnyima maji, akidhani kwamba maji huongeza kuharisha. Alikosea. Mgonjwa wa kipindupindu hufa kwa kukaukiwa na maji.

Fanesi hakulia. Alichemsha maji katika sufuria yake safi, akayafunika, akayaacha yapoe kiasi cha kuoshea. Akajitwika sufuria, akachukua sabuni na kitambaa kipya, akaenda.

Mlangoni alimkuta Chikondi na watu waliovaa glovu na viatu vya mpira.

"Usiingie, agogo."

"Ondoka mlangoni, mtoto. Nina deni humo ndani."

Chikondi hakuondoka. Alisema kwa sauti ya chini kwamba maiti ya kipindupindu bado huambukiza, na kwamba wale waliofundishwa kazi hiyo watamhudumia Melesiya kwa dawa na kwa heshima.

"Na deni langu utalilipa wewe?" aliuliza Fanesi.

Kabla hajajibiwa, walisikia mtu akitapika nyuma ya nyumba. Alikuwa Tiyamike, amelala juu ya mkeka, macho yamedidimia. Kwa kuwa wote walikuwa wanamtazama marehemu, hakuna aliyemwona.

Chikondi akasema, "Agogo, wa ndani amemaliza safari. Huyu bado yuko njiani."

Fanesi aliutazama mlango, akautazama mkeka. Polepole akaitua sufuria.

"Anywe nini?"

"Maji hayo yamechemka?"

"Yamechemka sana. Mama yake hakupenda maji baridi."

Chikondi alipima lita moja ya maji yale, akatia pakiti nzima ya dawa ya chumvichumvi, akakoroga. Fanesi alinawa kwa sabuni, akaanza kumnywesha Tiyamike kwa kijiko. Alipotapika, walisubiri kidogo, wakaanza tena. Waliendelea hivyo njia nzima hadi kwenye hema la wagonjwa katika kituo cha afya.

Mchana, wimbo wa maziko ulisikika kutoka makaburini. Yalikuwa maziko ya kwanza ya kijiji kufanyika bila Fanesi, nayo yalikuwa ya Melesiya. Alimpa Tiyamike kijiko kingine cha maji. Hakuinuka.

Tiyamike alipona.

Baadaye Fanesi alilipeleka beseni lake kwa fundi wa bati, akamwagiza alitoboe chini na kulitia bomba. Fundi alisikitika, akauliza kama kweli beseni zuri namna ile litobolewe.

"Toboa," alisema Fanesi. "Limehifadhi maji machafu vya kutosha."

Tangu siku hiyo, katika kila msiba, beseni liliwekwa juu ya kichanja na sabuni kando yake. Maji yalitiririka juu ya mikono ya mmoja, yakaingia shimoni, yasimguse mwingine. Watu walizika wafu wao, wakarudi nyumbani wazima.

Mvua zilipokwisha, Fanesi alimchukua Tiyamike hadi kwenye kaburi la mama yake. Waling'oa magugu. Kisha Fanesi alimshika mkono, akamsogeza mbele kama mtu anayerudisha kitu alichoazimwa.

"Melesiya," alisema, "wangu ulinioshea. Wako nimekunyweshea. Huyu hapa."