Shokapu za Mbele

Kelele za duka la spea zilipungua ghafla. Mwanamke mwenye gauni la kijani na viatu vyekundu alikuwa ameulizwa fundi wake ni nani, naye akajibu, "Fundi ni mimi."

Wanaume waliojazana kaunta, kila mmoja na kipande chake cha chuma mkononi, waligeuka kumtazama. Mmoja akamuuliza kama dada amepotea njia, maana vipodozi vinauzwa mtaa wa pili. Kaunta nzima ikaangua kicheko.

"Vipodozi ninavyo," alijibu bila kupepesa macho. "Nataka shokapu za mbele, kushoto na kulia. Au mnawauzia wenye ndevu tu?"

Kicheko kikahama, kikamwangukia yule aliyetaja vipodozi. Muuzaji, mwanaume mrefu mwenye shati jeupe lililonyooka kwa pasi na kalamu iliyochomekwa sikioni, alikuwa bado hajaondoa macho usoni kwa mteja wake. Mtaa mzima ulimwita Namba, kwa sababu namba za spea alizibeba kichwani na katalogi ilimezwa na vumbi. Alizitaja mbili kwa mkupuo, akaingia stoo na kurudi na maboksi mawili marefu.

"Zimekuja kamili, na springi zake," alisema. "Wewe unatoa ya zamani, unaweka mpya. Ila nati ya katikati, ile ya juu kabisa, usiiguse. Ndiyo inayoizuia springi. Ukiifungua itaruka na uso huo, na sisi tutabaki tukitazama nini?"

"Uso wangu uache. Ya nati nimeisikia."

"Za zamani zimekukosea nini?"

"Zimeniulia keki."

Hakuwa anatania. Kazi yake ilikuwa kupika keki za harusi, na wiki iliyopita alikuwa amevuka tuta taratibu kama anayebeba mayai, gari likajibwaga upande wa pili na ghorofa ya juu ya keki ikaishia kwenye kiti cha nyuma. Aliitengeneza upya mlangoni mwa ukumbi, bibi harusi akilia upande mmoja na mama mkwe akiguna upande wa pili. Siku hiyohiyo aliapa kwamba gari lile atalitengeneza kwa mikono yake, nyumbani kwake. Kila fundi aliyemwendea kabla ya hapo alimwambia aache ufunguo akapumzike, na yeye hakuwa amechoka.

"Niachie namba yako ya simu," alisema Namba. "Endapo shokapu zitakataa kuingia."

"Na zikiingia?"

"Nitapiga kukupongeza."

Alipiga kabla hata maboksi hayajapakiwa garini.

"Fundi, umefika?"

"Bado niko nje ya duka lako. Geuka."

Aligeuka. Mwanamke alikuwa ameegemea mlango wa gari, simu sikioni, anacheka. Namba alimpungia mkono na kugonga kichwa kwenye rafu ya mafuta ya breki.

Tangu hapo simu hazikukatika. Namba alimpigia asubuhi, mwanamke akichanganya unga, simu ikiwa imewekwa spika kando ya bakuli, na alimpigia jioni akipamba. Alimwita fundi mbele ya watu na mpenzi wakiwa wawili. Siku moja walikaa kwenye ngazi za jengo moja wakila kipande cha keki kilichokatwa vibaya, na Namba akajisifu mpaka akavuka mpaka.

"Gari mimi nalijua mpaka nati ya mwisho. Hakuna nisichokijua."

"Basi Jumamosi njoo uwe msaidizi wangu. Utashika taa na kusifia."

"Kusifia nitaanza leo. Macho yako hayo—"

"Sifia kazi, bwana. Macho sikuyatengeneza mimi."

Mwanamke alikuwa amempenda, na hilo hakulificha. Lililomtia hofu ni jingine. Mchumba wake wa kwanza alimpenda kwa kumpokonya. Alianza na mfuko wa unga, eti mzito. Akaja kwenye usukani, eti barabara mbaya. Akamalizia na simu, akawa anawajibu wateja yeye. Wakati wanaachana, mwanamke huyu alikuwa anaomba ruhusa kuwasha jiko lake mwenyewe. Hakutaka tena mwanaume ambaye mapenzi yake yanaingia kwa mlango mmoja na mikono ya mwanamke inatolewa kwa mlango mwingine. Hayo alimwambia Namba waziwazi pale kwenye ngazi, na Namba aliitikia kwa kichwa.

Jumamosi ikafika. Mwanamke alitoka mapema kupeleka keki ndogo ya jirani wa nyumba ya nne, akarudi kwa miguu akiwa na hamu ya kuanza. Uani, gari lilikuwa limeinuliwa kwa jeki ya mwanamke mwenyewe, gurudumu la kushoto limelala chini, na mwanaume mwenye ovaroli ya bluu alikuwa amechutama kando yake akipiga mluzi.

"Wewe nani?"

"Fundi, dada. Nimetumwa na Namba wa dukani. Kasema nimalize kabla hujarudi, ukute gari liko tayari." Akatabasamu kwa ukarimu wote. "Wewe nenda kapumzike."

Kwa mtu mwingine lingekuwa neno la huruma. Kwake lilikuwa kama kofi. Alimwomba yule fundi, kwa adabu kwa kuwa hakuwa na kosa, akusanye vifaa vyake aende. Kisha akapiga simu.

"Mpenzi!" Namba alipokea akicheka. "Umeiona zawadi?"

"Nimeiona. Ina ovaroli ya bluu."

"Nilitaka kukushtukiza."

"Umeweza. Nilikuambia nataka nini?"

"Shokapu mpya."

"Nilitaka kuziweka! Nilikueleza kwa kinywa changu, ukiwa umeshika keki yangu mkononi. Kumbe huiamini mikono yangu, sema tu."

"Siyo hivyo."

"Ni vipi basi?"

Namba alianza neno, akaliacha njiani. Kulikuwa na jibu, lilikuwa limemkwama, na mwanamke alisikia kabisa kwamba limekwama.

"Kama huna la kusema, basi nami sina," alisema, akakata. Kisha akafuta machozi kwa mgongo wa mkono, kwa hasira, maana hakupanga kulia.

"Yule mrefu amefanya nini?" mama mdogo, ambaye alikuwa anaishi naye, aliuliza kutoka dirisha la jikoni.

"Amenisaidia."

"Ah. Wanaume wana visa."

Alibadili gauni, akavaa suruali iliyochakaa, akafunga kilemba. Alianza kazi kama anavyoanza kazi zote. Jikoni kwake hakuna kinachowekwa motoni kabla kila kitu hakijatolewa kwenye karatasi yake na kupangwa mbele ya macho. Kwa hiyo alitoa shokapu zote mbili kwenye maboksi, akabandua vibandiko, akazifuta vumbi kwa kitambaa safi na kuzilaza juu ya trei kubwa ya kuokea, spana zikifuata kwa ukubwa. Maboksi akayatupa. Trei ilipendeza kweli.

Aliweka stendi za chuma chini ya gari, akalitikisa kuhakikisha halichezi. Aliachanisha mpira wa breki na kishikio chake kwenye shokapu. Bolti mbili kubwa za chini zilikuwa zimeshikana na kutu, zikamgomea. Alizimwagia mafuta, akasubiri, akavalisha spana bomba refu na kulikalia kwa uzito wake wote. Ya kwanza ililia kwaa, ikalegea. Alipiga kelele ya furaha mpaka mama mdogo akachungulia tena. Akafungua nati ndogo za juu, chini ya boneti, akaiachia ile ya katikati amani yake, na shokapu ya zamani ikatoka ikiwa imelowa mafuta. Mpya ikaingia. Alikaza bolti moja baada ya nyingine, akifurahia mkono wake ulivyokuwa unajua kitu ambacho asubuhi haukukijua.

Alikuwa anajifuta jasho wakati geti lilipogongwa. Namba aliingia na shati lake jeupe, hana kalamu, hana tabasamu.

"Sikukuita," alisema mwanamke.

"Najua. Nimekuja kuomba radhi. Ulinieleza, nikaelewa, na bado nikafanya. Nimekukosea."

"Na lile jibu lililokukwama?"

Namba akafungua mdomo, lakini macho yake yakaangukia kwenye trei, pale ilipobaki shokapu moja. Akainama, akasoma namba iliyogongwa kwenye chuma. Uso ukambadilika. Akatazama upande wa kushoto wa gari, akatazama trei tena.

"Nini?" aliuliza mwanamke.

"Ukinifukuza nitaondoka, lakini siondoki kabla sijalisema hili. Hii iliyobaki ni ya kushoto. Uliyofunga ni ya kulia."

"Zinafanana!"

"Zinafanana kwa macho. Angalia kishikio cha mpira wa breki."

Alitaka kumwambia amekuja kumharibia. Badala yake alichutama akaangalia. Kishikio kilikuwa kimeelekea nyuma, kule kusikotakiwa, na mpira wa breki ungelazimika kuvutwa mpaka ukaze ndipo ukifikie. Gari lingetoka uani vizuri tu. Kukata kona ndiko kungekuwa habari nyingine, mpira ungechanika na breki zingekufa. Alikaa chini kwenye saruji, miguu imenyooka.

"Nilibandua vibandiko," alisema polepole. "Nikazipanga kama mayai."

Namba hakucheka, na hilo mwanamke aliliona. Angeweza kunyamaza apate suluhu ya bure, lakini alikuwa amechagua kufukuzwa. Hasira yake ikaanza kulegea kama zile bolti.

"Haya, mjuzi," alisema, akimnyooshea spana. "Ulisema unalijua gari mpaka nati ya mwisho. Fungua wewe."

Namba aliipokea, akaigeuza upande huu, akaigeuza upande ule.

"Hilo ndilo jibu lililonikwama," alisema. "Sijui."

"Hujui nini?"

"Kufungua. Sijawahi kufungua nati hata moja maishani mwangu. Nauza tu. Nilijisifu pale kwenye ngazi kwa sababu ulikuwa unanitazama vizuri, nikashindwa kushuka. Nilipofikiria Jumamosi nitasimama hapa na taa mkononi, uniambie nipe ile spana, mimi nisijue ni ipi, nikaona bora nimtume mtu kazi iishe. Mikono yako naiamini. Niliogopa utaiona yangu."

Kicheko kikamtoka mwanamke kutoka tumboni, akashika jeki asianguke.

"Namba zote hizo kichwani!"

"Zote."

"Na shati jeupe!"

"Sina ovaroli, mpenzi. Ningeitoa wapi?"

"Lala chini. Anzia hapa. Ingiza kichwa cha spana chote, usiivalishe nusu, utazila kingo za nati. Sasa vuta kwako."

Namba alilala na shati lake kwenye saruji, akavuta. Bolti haikusogea. Akavuta tena akiwa amefumba macho, ikalegea, naye akapiga ukelele uleule aliopiga mwenzake. Walifungua pamoja, wakabadilisha, wakahamia upande wa pili. Yeye alisoma namba kwenye chuma kwa sauti, mwanamke akaelekeza, na kila mmoja alimkatalia mwenzake angalau mara moja. Kabla ya kukaza bolti ya mwisho, Namba aliuliza kwanza.

"Nikaze mimi, au unataka kukaza wewe?"

Lilikuwa swali dogo. Mwanamke alihisi limemgusa mahali ambapo hakuna aliyewahi kupiga hodi.

"Kaza wewe," alisema. "Leo."

Kutoka chini ya gari, sauti ya Namba ikaja ikiwa imebadilika. "Nataka kuwaleta wazee wangu hapa kwenu. Nikuoe. Nilikuwa nimepanga kulisema nikiwa msafi."

"Nina sharti."

"Sema."

"Kilicho changu usinifanyie kwa siri. Hata kwa mapenzi."

"Nami usichokijua nitakuambia. Na nisichokijua pia."

Mwanamke alitoa simu mfukoni kwa vidole viwili vilivyobaki safi, akapiga. Jikoni, hatua chache kutoka pale, simu ya mama mdogo ikalia.

"Mama mdogo, Jumapili ijayo tutakuwa na wageni. Wanakuja kuniposa."

"Heee! Nani huyo?"

"Huyu aliyeko chini ya gari langu."

Pazia likafunuliwa. Mama mdogo alivitazama kwa makini viatu viwili vya mwanaume vilivyojitokeza kando ya gurudumu, kisha akarudisha simu sikioni.

"Amemaliza kukaza?"

"Anamalizia."

"Basi akimaliza aje anawe. Namchemshia maji."