Mkono wa Torgils

Torgils alibeba chuma cha moto hatua tisa siku ya Jumatano, wiki mbili kabla ya Sikukuu ya Watakatifu Wote. Alisema yeye ni mwana wa mfalme aliyekufa. Mpwa wa mfalme, aliyekalia kiti cha enzi, alisema huyo ni mwongo. Kwa neno hilo watu wa Norwei walikuwa wameuana miaka minne.

Kazi yangu mjini ilikuwa kuosha maiti na kufunga mikono ya waliobeba chuma. Niliufunga wake kwa kitani. Ngozi ya kiganja ilikuwa imebabuka. Askofu akatia muhuri wa nta. Siku ya tatu ningeufungua mbele ya watu. Ukiwa safi, Mungu amemshuhudia, ni mfalme. Ukiwa umeoza, ni kamba shingoni.

Vita vilikuwa vimechukua wanangu wawili. Wa tatu, Sigvat, alikuwa ng'ambo ya mto, katika kambi ya Torgils. Torgils akinyongwa, kambi ingevunjika, naye angerudi nyumbani. Niliomba mkono uoze. Sikumwambia mtu. Sikuwa na mtu wa kumwambia.

Ijumaa jioni nilimpelekea uji wa shayiri kanisani, alikofungiwa. Brand, mlinzi, alikuwa amehamia upande wa pili wa ua.

"Mbona umekaa mbali, Brand? Mfalme anauma?"

"Ingia wewe, mama. Wewe umezoea maiti."

"Mle kuna mtu hai."

"Mmoja, ndiyo. Mimi nasikia wawili."

Hakucheka.

Ndani kulinuka nta... na udongo uliofukuliwa karibuni. Torgils alikuwa ameketi sakafuni, juu ya jiwe la kaburi la mfalme. Alikuwa rika moja na Sigvat.

"Mama," alinong'ona, "hauumi tena."

"Afadhali."

"Hapana... Kuna mtu ameushika. Humu ndani ya kitambaa. Tangu jana."

"Ni homa, mwanangu. Kula."

"Gusa."

Muhuri ulikuwa mzima. Nilihesabu vidole juu ya kitani. Kimoja. Viwili... Vitano.

Sita.

Cha sita kilijikunja, kikanibana. Kilikuwa baridi.

Niliuweka uji chini.

"Usiniache peke yangu naye," alisema.

Nikatoka.

Jumamosi asubuhi kanisa lilijaa, pande zote mbili. Nilivunja muhuri, nikakata nyuzi. Mkono ulitoka bila hata lengelenge. Watu wake wakaanza kushangilia.

Mimi nilikuwa karibu zaidi yao.

Ulikuwa mkono wa mzee. Ngozi ilikuwa na mabaka, na kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda kuelekea kiganjani. Kidole hicho nilikuwa nimejaribu kukinyoosha miaka minne kabla, nilipoiosha maiti ya mfalme. Kilikataa.

Askofu aliuliza swali la desturi.

"Mama Ragnfrid, mbele ya Mungu. Huu ndio mkono ulioufunga?"

Torgils alinitazama. "Mama," alisema kwa sauti ya chini, "sema ulichokiona tu."

Nilijua ni mkono wa nani. Nilijua pia maana yake: baba alikuwa amemkubali mwanawe. Lakini hilo hakuna aliyeniuliza.

"Siyo," nikasema.

"Wamebadilisha!" mpwa wa mfalme akapaza sauti. "Wachawi hawa, wamebadilisha!"

Torgils alinyongwa kabla ya adhuhuri. Aliponyongwa hakuna ndugu aliyejitokeza, kwa hiyo nilimwosha mimi, peke yangu. Mkono wa kuume, ule niliokuwa nimeufunga, ulikuwa wa kijana tena. Kiganja kilikuwa laini, hakina kovu.

Jumatatu watu wake walimtangaza mwana mwingine wa mfalme, mtu mzima kutoka milimani. Kambi haikuvunjika. Siku ya Mtakatifu Martino, siku kumi baada ya Watakatifu Wote, Brand alimwona Sigvat akiondoka na wenzake kumi na wawili, wakielekea kaskazini, vitani. Theluji ilianza kuanguka alasiri hiyo.