Mlio wa Kioo

"Kunguru, toka humo. Ni amri."

Sauti ya Mkuu wa upelelezi ilikwaruza redioni, sikioni mwake. Kunguru hakutoka.

Alikuwa amelala kifudifudi kwenye roshani ya maktaba, nyuma ya marundo ya magazeti, kamera yake ya Nikon F2 ikiegemea mfuko wa mchanga. Chini, Mkurugenzi wa bohari ya dawa alimsubiri mnunuzi wa magendo. Kando yake alisimama mlinzi aliyewahi kuwa fundi kamera. Huyo angeutambua mlio wa kioo cha kamera hata usingizini.

"Juma lililopita ulituletea picha za ukungu," Mkuu alisema. "Namba za hati hazikusomeka."

Kweli. Mwanga hafifu ulidai shata, pazia la ndani ya kamera, ifunguke polepole, na kioo ndani ya kamera kiliporuka kuupisha mwanga, kiliitikisa kamera nzima. Kwa mtikisiko huo kaka yake, mtunza stoo wa bohari, aliendelea kusota rumande kwa wizi wa bosi wake. Iliuma.

"Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Toka."

"Mwoga umemkosa leo, Mkuu," Kunguru alinong'ona.

Akazima redio.

Mnunuzi akafika. Hati ikafunguliwa mezani.

Kunguru akalenga, kisha akakiinua kioo mapema kwa wenzo mdogo wa pembeni mwa kamera, taratibu, kikakaa juu, kisiruke wala kulia tena. Tundu la kuchungulia likawa giza. Kuanzia hapo alipiga kama kipofu. Wale wakisogea, kazi bure.

Mkono wa kushoto ukabinya puto la mpira. Hewa ikateremka kwenye mrija hadi rafu iliyo chini ya roshani, ilikofichwa kamera ya pili.

KLAK!

Mlinzi akairukia rafu, bastola mkononi. Mezani wawili wale wakaganda, nyuso zimeelekea huko huko, yaani kwenye lenzi ya Kunguru.

Kunguru akabonyeza waya wa shata. Tk. Akavuta filamu. Tk.

"Nimeipata, bosi," mlinzi alicheka, akiifungua kamera ya chambo. "Mjinga hakuweka hata filamu."

Hakutazama juu. Aliliamini mno sikio lake.

Saa nane mchana Mkurugenzi na mnunuzi walikuwa korokoroni. Mkuu aliinamia picha iliyolowa bado, akisoma namba moja moja. Zote zilisomeka.

"Umekaidi amri," alisema. "Nitakuandikia barua ya kukufukuza."

"Andika, Mkuu. Ila anza na ya kumtoa kaka yangu."

Mkuu akachukua kalamu. Kunguru akasubiri sahihi, akaikunja barua, akatundika kamera begani na kuondoka kuelekea rumande, bila haraka.