Kiapo kwa Kiti Kitupu

Kilichoanza kuharibika katika nyumba ile kilikuwa kidogo kuliko ukucha: mstari wa kijani kwenye kioo cha kompyuta, uliopanda na kushuka wakati hakuna mtu aliyefungua mdomo.

Kitinda aliuona, akadhani ni feni. Akaizima, akarudi kukaa. Mstari ukapanda tena, taratibu, kama kifua cha mtu anayepumua.

Huyu Kitinda alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, lakini jina la kitindamimba likishamshika mtu, atazeeka nalo. Alikuwa akisomea kazi ya kurekodi kesi mahakamani. Zamani karani aliandika kwa mkono mpaka vidole vikakakamaa. Siku hizi mashine ndiyo inayorekodi, na mwandishi anakaa kando na hedifoni masikioni, anaweka alama ni nani kasema na saa ngapi, kisha anayachapa yote neno kwa neno. Vipaza sauti ni vinne: cha hakimu, cha shahidi na viwili vya mawakili, na kila kimoja kina mstari wake kwenye kioo. Chuo kilimwazima mashine akajifunzie nyumbani, naye akaipanga kwenye meza ya kulia.

Mwalimu wake, mwanamume mnene wa sauti ya puani, alikuwa na maneno mawili aliyoyarudia mpaka wanafunzi wakawa wanamwigiza kwenye foleni ya choo. La kwanza: "Ulichosikia, andika. Usiongeze, usipunguze, usimwonee mtu huruma." La pili ni kwamba mwandishi ndiye anayemwapisha shahidi, kwa hiyo kwenye mazoezi ya kiapo lazima aapishwe mtu hai, aliyekaa mbele yako. "Kiti kitupu hakiapishwi." Mmoja akamwuliza kwa nini. "Kwa sababu nimesema mimi," akajibu, darasa zima likacheka.

Nyumbani mtu hai alikuwa ni dada yake. Dada alikuwa mshonaji, amemzidi miaka tisa, na ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Wachumba walikuja wakarudi walikotoka. "Nikiolewa," Dada alikuwa akisema, "huyu atalishwa na nani? Paka?" Basi ikifika jioni Dada anakuwa hakimu, futi ya kupimia imening'inia shingoni, anaihukumu sufuria iliyounguza chakula kwenda jela miaka saba, na Kitinda anacheka mpaka anakosea kuchapa.

Siku ile Dada alikuwa amepeleka nguo kwa mteja, na mtihani ulibaki wiki tatu. Saa tisa alasiri, nyumba kimya, Kitinda akakigeukia kile kiti alichokuwa akikalia mama yao, kilichokuwa mbele ya kipaza sauti cha shahidi, akainua karatasi, akasoma: "Je, unaapa kwamba ushahidi utakaoutoa utakuwa kweli, kweli yote, wala si kingine ila kweli?"

Hapo ndipo mstari wa shahidi ulipopanda.

Alipoirudisha rekodi nyuma, alisikia sauti yake mwenyewe ikisoma. Kisha kimya. Kisha, karibu kabisa na kipaza sauti, sauti isiyo ya kiume wala ya kike:

"Naapa."

Tangu hapo, kila ilipofika saa tisa, harufu ilitoka kwenye chumba cha nyuma, chumba alichofia mama. Harufu ya dawa ya kusugua kifua, kali, ya kutoa machozi. Mara ya kwanza Dada alisimamisha cherehani, akainua pua.

"Umejisugua dawa?"

"Mimi? Sina hata mafua."

"Usinitanie, Kitinda. Hiyo ni dawa ya mama."

Walitazamana. Miaka ishirini na miwili dawa ile haikuwahi kuingia humo ndani.

Baada ya harufu ukaja mluzi: pumzi nyembamba, yenye shida, ikitokea nyuma ya mlango uliofungwa. Siku ya tatu mluzi ule ukahamia kifuani kwa Dada. Walikwenda hospitali, daktari akapima, akapiga picha, akasema mapafu yale ni mazuri kuliko ya kwake. Lakini ikifika saa tisa Dada anashika ukingo wa cherehani, midomo inageuka rangi, macho yanamtoka, mpaka alasiri ipite. Kila siku ilikuwa inazidi kidogo.

Siku ya tano Kitinda alikiri kwamba alifanya mazoezi ya kiapo peke yake.

"Uliapisha nini?" Dada akauliza, sauti imeshuka mpaka chini.

"Kiti."

"Kiti kipi? Cha mama?"

"Nilikuwa nafanya mazoezi tu, Dada."

"Sema polepole, wewe. Anasikia."

Wakamwita mganga mmoja ambaye riziki yake hasa ilikuwa kutengeneza miavuli; mambo ya majini aliyafanya pembeni. Alikuja na koleo mfukoni, akanusa hewa, akakataa kukikalia kile kiti. Aliisikiliza ile rekodi mara moja tu, akaivua hedifoni kama anayevua nyuki.

"Jini wa kuvamia ningemtoa kabla chai haijapoa," alinong'ona. "Huyu kaapishwa, naye kakubali. Amebanwa. Hawezi kusema uongo hata akitaka, hawezi hata kuiga sauti ya mtu. Na hawezi kuondoka mpaka aseme alichokiona humu, na mwenye nyumba akisikie chote. Wakati anasubiri, anakaa kifuani mwa mwenye nyumba."

"Sasa tufanyeje, baba?" Dada akauliza.

"Si ndiyo kazi anayosomea huyu? Asikilize, achape, akusomee wewe. Yote, bila kuacha neno. Kisha amwambie shahidi ashuke."

Alasiri iliyofuata Kitinda alifunga madirisha, akawasha mashine, akavaa hedifoni, na harufu ilipoingia hakuinua kichwa, aliukazia macho ule mstari wa kijani uliokuwa ukipanda na kushuka mbele ya kiti kisicho na mtu, na vidole vyake vikaanza kwenda vyenyewe kama vilivyofundishwa, vikiifuata ile sauti iliyosema bila haraka, bila huruma, bila kupumua katikati, huku shingoni mwake, mahali ambapo hakukuwa na kipaza sauti wala waya, kitu chenye joto kikimpulizia kila mwisho wa neno:

"Naishi nyuma ya kabati la chumba kile. Niliona. Saa tisa alasiri mgonjwa alibanwa. Dawa ilikuwa juu ya kabati, hakuifikia. Alimwita mkubwa mara mbili. Mkubwa alikuwa ukumbini, hajalala siku tatu. Alisikia. Alisema, nakuja mama, dakika moja, akafumba macho."

Kitinda alichapa. Machozi yalimdondoka kwenye vitufe, akaendelea kuchapa.

"Kisha akamwita mdogo. Mdogo alikuwa amekaa mlangoni, anacheza na vifungo vya nguo. Alisikia. Aliuogopa ule mluzi. Akajiziba masikio mpaka kukawa kimya."

Vidole vilisimama.

Hakuwa amesahau. Hata rangi ya vile vifungo aliijua. Ila hakuwahi kumwambia mtu, na Dada, aliyeacha kuolewa kwa ajili yake, alikuwa amelala chumba cha pili akipigania pumzi. Kitinda akatazama kioo muda mrefu. Kisha akaruka mistari ile, akachapa chini: Nathibitisha kwamba haya ni yote yaliyosemwa. Akatia sahihi.

Mganga alikuja kushuhudia usomaji. Dada alisikiliza akiwa ameegemea mto, futi ya kupimia bado shingoni. Iliposomwa ile dakika moja, alifumba macho.

"Nilisema kweli," akanong'ona. "Nilimwambia dakika moja. Miaka yote nawaambia watu mama alikufa usingizini. Kumbe aliyekuwa usingizini ni mimi."

"Ulikuwa mtoto, Dada."

"Nilikuwa na miaka kumi na minane. Mtoto ulikuwa wewe."

Mganga akamwangalia Kitinda. "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Yote?"

"Yote."

"Haya, mruhusu."

"Shahidi, unaweza kushuka," Kitinda akasema.

Mstari wa kijani ukapanda, ukashuka. Ukapanda tena.

Mganga akatia koleo lake mfukoni. "Mimi kusoma sijui," alisema, "lakini naona huyu bado amekaa." Akaondoka bila kuonja chai.

Kesho yake Dada aliingia chumba cha nyuma kutafuta shuka safi, na saa tisa ikamkuta humo. Kitinda alikuwa mezani. Akasikia mluzi, kisha kitu kizito kikianguka kitandani, kisha sauti iliyokatika katikati:

"Kitinda!"

Mikono yake ikaenda masikioni. Si Dada huyo, alijiambia, ni yule, ananiita niingie anibane na mimi, nikifungua mlango ule sitatoka, ngoja kwanza, ngoja alasiri ipite, itapita tu kama jana na juzi, na alikuwa akijiambia hayo huku anajua, kama anavyolijua jina lake, kwamba mganga alishasema jini yule hawezi kuiga sauti ya mtu, kwa hiyo aliyekuwa anaita mle ndani hawezi kuwa mwingine.

"Kitinda..."

Mara ya pili sauti ilikuwa ndogo mno.

Akainuka, akaanguka, akainuka. Alimkuta Dada amejikunja, midomo ya bluu, mkono umenyooshwa hewani. Akamnyanyua kifuani pake na kumsemea sikioni, haraka, kwa kelele:

"Alimwita na mdogo! Sikukusomea yote. Mama aliniita mimi, Dada. Nilikuwa macho, nipo mlangoni na vifungo vyako. Nilisikia. Nikaziba masikio mpaka akanyamaza!"

Kabati likasogea ukutani, upana wa kidole, likatulia. Harufu ikakatika ghafla, kama mtu aliyefunga kifuniko. Dada akavuta pumzi ndefu, ya pili, ya tatu, rangi ikarudi usoni. Ukumbini mstari wa kijani ulikuwa umelala chini, umenyooka.

Dada alimtazama mdogo wake. Aliutoa mkono wake polepole kwenye mkono wa Kitinda, akaugeukia ukuta.

Kitinda alifaulu mtihani, na sasa yuko mahakamani, anasifiwa kwamba hapotezi neno. Dada amepona, ingawa miguu bado haina nguvu. Wanaishi nyumba moja, wanakula meza moja, hawagombani. Ila Dada hajamwita tena. Akishikwa na kiu, huinuka mwenyewe, akashika ukuta, akampita Kitinda pale alipokaa, akaenda kuyachota maji yake.