Shaba Kwenye Maji ya Baba

Jumamosi ile duka la samaki wa mapambo lilikuwa limefurika watu. Watoto walibandika pua kwenye vioo, wazazi wao walivuta mikono isiyovutika, na mwenye duka, mwanamke mnene asiyejua kuongea polepole, aliwajibu wateja watano kwa pumzi moja. Nyuma ya tangi la maji ya chumvi alichutama fundi friji, makalio yameelekea wateja, akihangaika na mashine ya kupozea maji iliyogoma tangu asubuhi. Hivyo ndivyo mwanamke wa gauni la manjano alivyomwona mara ya kwanza, na hadi leo hajaacha kumtania.

"Samahani kaka," aliuambia mgongo. "Hiyo ikipona inashusha joto mpaka ngapi?"

"Mpaka utakapopenda wewe, dada," mgongo ukajibu. Kisha fundi akageuka, akamwona, akajigonga kichwa kwenye rafu.

Mwanamke alicheka mpaka akashika ukingo wa kaunta. Gauni lake lilikuwa na vifungo vyeupe kuanzia shingoni hadi magotini, ila viatu vilikuwa na vumbi la plasta, kwa sababu alitoka kazini moja kwa moja. Alikuwa akitengeneza meno ya bandia katika maabara moja ya jirani. Fundi aliposikia hivyo akaanza kumwita Daktari. Mwenyewe alikataa, akasema daktari ni yule anayeng'oa, yeye kazi yake kurudisha. Kabla ya saa sita wakawa wamepeana namba, na kufikia Jumatano fundi alikuwa na jina jipya kwenye simu ya mtu: Baridi.

Wakapendana kwa haraka, tena bila aibu. Mchana fundi alimpigia akiwa juu ya ngazi, bisibisi mdomoni, kumuuliza kama amekula. Jioni walizunguka mjini mpaka miguu ikauma. Daktari alimwambia mambo mengi, lakini lililo kubwa alimwonyesha tu: sebuleni kwao, alikoishi na mama yake mjane, palikuwa na tangi la marehemu baba.

Baba alikuwa karani, mtu wa maneno machache, na miaka kumi na moja aliitumia kukuza matumbawe kwenye kioo. Moja lilianza likiwa na ukubwa wa kidole gumba. Alipofariki lilikuwa pana kuliko kifuniko cha sufuria, la zambarau, likipepea vidole vyake kwenye mkondo wa maji. Palikuwa na samaki wawili wa rangi ya chungwa, kamba wenye mistari waliosafisha mawe, na konokono. Kila jioni mzee alipima maji, akaandika namba kwenye kalenda ya ukutani. Alipoondoka, binti akaishika kalamu. Mama naye alikuwa akinywa chai mbele ya tangi lile kila asubuhi, akilisimulia yaliyotokea.

Sasa tangi lilikuwa dogo. Matumbawe yalikuwa yamekua hadi yakagusana, na yakigusana huunguzana. Daktari akaagiza kioo kikubwa mara tatu ya kile, na fundi akajitolea kwa moyo wake wote. Siku mbili walifanya kazi vifua wazi, maana yake yeye kifua wazi na Daktari akiwa na kanga kiunoni akimwambia asijidai. Waliosha mchanga mpya mpaka maji yakawa meupe. Walikoroga chumvi kwenye mapipa, wakasubiri itulie, wakapima. Tangi dogo la chini, linakoshuka maji kuchujwa, walilificha ndani ya kabati. Kisha wakahamisha matumbawe moja moja, pamoja na mawe ya mzee yaliyoyabeba, kwa mikono miwili. Mama alikuwa kwenye kiti akitoa amri.

Tatizo likaja na taa. Zilikuwa kali, pampu nazo ni kubwa, na maji yakapanda hadi joto la kuwachemsha samaki. Daktari akasema ataagiza mashine ya kupozea kutoka dukani.

Hapo fundi akaguswa pabaya. "Mimi natengeneza mafriji ya mji mzima, halafu mpenzi wangu akanunue baridi dukani? Watu wanionaje?"

"Wakuone mtu wa kawaida."

"Niachie siku moja, laazizi."

Akaenda karakana yake, akachukua mtambo wa friji kuukuu na bomba la shaba, lile bomba lake la kila siku, akalizungusha kama chemchemi ya kitanda, akalizamisha kwenye tangi la chini. Maji yakapoa siku hiyohiyo. Daktari alimbusu mbele ya mama yake, mama akajifanya anatafuta miwani. Fundi akalala usingizi wa mshindi. Miaka kumi na mitano alikuwa akipoza kila kitu kwa shaba, na hakuna siku shaba iliwahi kumwangusha. Hakuuliza mtu. Sina haja ya kumtetea: angeuliza swali moja tu pale dukani, yasingetokea.

Wiki ya tatu kamba wakaonekana chali. Kisha konokono wakaanza kuachia kioo na kudondoka mmoja mmoja. Matumbawe yakajikunyata, yakatoa ute, na lile la zambarau likaanza kumomonyoka kutoka pembeni, mifupa meupe ikibaki nyuma. Samaki pekee waliendelea kuogelea, wakizunguka makaburi.

Daktari alilia mpaka macho yakavimba. Akatazama kalenda, akaona jioni tisa tupu, zisizo na namba. Zilikuwa jioni za kutembea na Baridi wake. Hakuhitaji ushahidi mwingine.

Fundi alikwenda dukani kutafuta dawa. Mwenye duka akamsikiliza, akauliza kamba walitangulia kufa au la, akanyamaza. Kwa mwanamke yule, kunyamaza kulitisha.

"Nani katia shaba kwenye maji hayo?" akauliza. "Shaba kwenye chumvi inayeyuka, mwanangu. Samaki watastahimili. Kwa hao wengine ni sumu."

Saa tano asubuhi hiyo, Daktari akiwa kazini, fundi alibisha. Mama akamfungulia, naye akasema amekuja kukagua mtambo. Alivuta lile bomba likatoka na ukoko wa kijani. Akalifunga ndani ya ovaroli yake, akaweka mashine aliyoinunua dukani na mfuko wa chujio la kunyonya shaba, akaaga. Mama akamshukuru kwa kuwahangaikia.

Alikusudia kusema jioni. Nakuambia kweli, alikusudia. Lakini simu ikatangulia.

"Baridi, nisikilize kwanza," alisema Daktari, sauti imekauka. "Nimemuulia baba kitu chake. Nilikuwa nacheka na wewe barabarani huku maji yanaharibika nyumbani. Miaka kumi na moja yeye hakuruka siku moja."

"Daktari..."

"Sikulaumu wewe. Ni mimi. Ila kila nikikuona nakumbuka zile jioni. Tuachane. Siwezi kufurahi na wewe tena, moyo unanisuta."

Neno lilikuwa ulimini. Angesema shaba, neno moja, mzigo ungemtoka yule mwanamke mabegani na kumwangukia yeye. Akawaza: akijua, atanichukia, sasa ananiacha bado akinipenda. Akasema, "Sawa, mpenzi. Kama ndivyo unavyotaka."

Kosa la kwanza lilikuwa la ujinga, na ujinga husamehewa. Hili la pili alilifanya macho yake yakiwa wazi.

Miezi miwili ikapita. Fundi alifanya kazi kama mtu anayefukuzwa. Kila alipokata bomba aliona ule ukoko wa kijani. Wateja walimwambia amekonda, akasingizia joto. Alilitia lile bomba kwenye mfuko, akauweka chini ya meza ya karakana. Hakuweza kulitupa wala kuliangalia. Mara tatu aliandika ujumbe mrefu, mara tatu akaufuta.

Aliyempigia mwishowe ni mama. Alisema binti yake anataka tangi liondolewe, amechoka kuliona, na wao wawili hawana nguvu za kulibeba. Je, anaweza kuja? Fundi akaitikia. Kisha mama, kwa sauti ya mtu anayezungumzia bei ya mkaa, akaongeza jambo.

"Kila asubuhi kabla ya kazi anasimama mbele ya picha ya baba yake anamwomba msamaha. Mimi nasikia nikiwa jikoni. Sijui nimwambie nini."

Siku hiyohiyo fundi hakumalizia friji iliyokuwa mbele yake. Akanawa mikono, akavaa shati la bluu alilopigiwa pasi na dobi, akachukua mfuko.

Daktari ndiye aliyefungua. Alikuwa na gauni la kijivu lililompwaya, nywele amezifunga nyuma bila kujali. Waliangaliana kidogo kuliko walivyotaka. Mama alikuwa kwenye kiti chake. Fundi akaamkia, akakataa kukaa, akalitoa bomba akaliweka sakafuni.

"Si wewe," alisema. "Ni hili. Nilipozea maji kwa shaba. Shaba ni sumu kwa matumbawe, na mimi sikuuliza mtu. Hata ungepima kila jioni usingeiona, kwa sababu vichupa vyenu havipimi shaba. Mimi ndiye niliyeua kitu cha mzee. Wewe hukufanya kosa lolote."

Daktari alichuchumaa, akagusa ule ukijani kwa ncha ya kidole.

"Ulijua lini?"

"Siku niliyolitoa, nikaweka mashine ya dukani."

"Ndiyo siku niliyokuacha kwenye simu. Kabla ya simu au baada?"

Hapa angeweza kuponyoka. Nani angejua? Fundi akapiga moyo konde.

"Kabla," alisema. "Nilikuwa nimeshajua."

Mama akaweka kikombe chini. Daktari aliinuka taratibu, na alipoongea hakupandisha sauti, jambo lililomuumiza fundi zaidi.

"Ya shaba ningekusamehe hapohapo, ningekucheka hata. Fundi friji na mabomba yake. Lakini siku sitini na mbili umeniacha nimwombe msamaha marehemu kwa kosa lako. Ulilala vipi?"

"Sikulala."

"Afadhali. Toka."

Akatoka. Bomba aliliacha palepale, kwa sababu hakuwa na uso wa kuinama kulichukua.

Baada ya siku nane simu yake iliita, yeye akaiangalia ikiita mara tatu kabla ya kuamini jina.

"Usiongee," Daktari alisema. "Mawe ya baba sijayatupa. Mwenye duka anasema yamenyonya shaba na yatakuwa yanaitema kidogo kidogo. Anasema tubadilishe maji, tupime, siku arobaini. Ikiisha, tunaanza upya na mawe yaleyale. Isipoisha, mawe yote nje. Nunua vichupa vya kupimia shaba. Kila siku saa kumi na moja uje, upime mbele yangu, useme namba. Usinishike mkono, usiniite laazizi."

"Na baada ya siku arobaini?"

"Nimesema usiongee."

Akaja siku ya kwanza, akaja ya pili. Alitia matone kwenye kichupa, wakasubiri dakika tano, kisha akalinganisha rangi na kadi. Buluu iliyokoza ilikuwa mbaya. Maji meupe yalikuwa ndiyo kheri. Akataja namba, Daktari akaiandika kwenye kalenda. Wiki ya pili Daktari alimuuliza kama amekula. Wiki ya tatu mama alimwekea kiti. Siku ya ishirini na sita fundi alisimulia jinsi mteja alivyofungia simu yake ndani ya friji akadhani imeibiwa, Daktari akacheka, kisha akakumbuka kwamba amekasirika, akaacha. Namba ilikuwa inashuka. Fundi alianza kuhesabu kama mfungwa anayekaribia lango.

Siku ya arobaini alifika mapema. Daktari alikuwa amevaa gauni la manjano, na fundi akaogopa kulitafsiri. Akatia matone. Dakika tano zikapita polepole.

Kulikuwa na buluu. Ilikuwa hafifu sana, ukielekeza kichupa dirishani inapotea. Mtu mwenye haraka angesema hamna kitu. Aliyatazama mawe, mawe ambayo mzee aliyachagua kwa mkono wake, akijua neno lake ndilo litakaloyatoa. Akijua pia kwamba neno jingine lingeyaacha ndani, lingemrudisha yeye kwenye ile nyumba, na kila mtu afurahi leo.

"Bado ipo," alisema. "Kidogo, lakini ipo. Pole, Daktari. Mawe lazima yatoke."

Daktari hakuandika. Alivuta droo ya kabati, akatoa kichupa kingine, chenye buluu ileile, na kadaftari kadogo kenye namba arobaini.

"Nilipima asubuhi," alisema.

Fundi aliangalia zile namba. Zililingana na zake, siku kwa siku. "Ulikuwa unapima kila siku kabla sijaja?"

"Kila siku. Nilitaka kujua wewe ni mtu gani. Na leo nilijua, ukiamua kunidanganya, ni leo." Macho yalimjaa machozi, akayafuta kwa mgongo wa mkono. "Nimekwenda kazini nikiwa naomba Mungu usinidanganye. Jino la mteja nimelichonga mara tatu."

Kisha akakunja mikono ya gauni, akazamisha mikono hadi kwenye viwiko, akalishika jiwe kubwa la katikati, lile lililobeba tumbawe la zambarau. Likakataa kuinuka. Alikuwa analia waziwazi sasa, na mama mlangoni alikuwa analia kimyakimya. Fundi alisimama kando, hajui kama anaruhusiwa.

"Shika upande huo, Baridi. Ni zito."

Akashika. Vidole vyao vikagusana chini ya maji.

"Ukinioa," alisema Daktari bila kumtazama, "siku ukivunja hata kikombe, niambie kabla sijakanyaga vigae."

"Nitakuambia," alisema fundi, na wakalinyanyua jiwe pamoja.